Houdini: Bingwa wa mazingaombwe aliyedai ushahidi

Wafanyabiashara wanaovuka mipaka wanayajua matangazo ya kwenye simu: dawa ya kuvuta wateja, pete ya bahati, mzigo kupita bila kuguswa. Anayehoji huambiwa hana imani. Karne moja iliyopita lawama hiyo ilimwangukia Harry Houdini, mtu aliyeujua mchezo huo kwa ndani.

Alizaliwa Budapest mwaka 1874 kwa jina la Erik Weisz, mtoto wa rabi, akakulia Marekani katika umaskini. Kujinasua kwenye pingu, minyororo na masanduku yaliyotoswa majini kulimpa umaarufu. Ujanani, njaa ilipobana, aliwahi kujifanya anaongea na wafu jukwaani, kazi aliyoijutia baadaye.

Mama yake, Cecilia, alifariki mwaka 1913. Houdini alitamani kweli kumsikia tena, na hilo wakosoaji wake hulisahau. Mwaka 1922 mke wa rafiki yake Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alimwandikia kurasa kadhaa akidai zinatoka kwa marehemu. Zilikuwa za Kiingereza, na juu pamechorwa msalaba. Cecilia alikuwa mke wa rabi, na Kiingereza kilimpiga chenga. Urafiki ukaingia ufa, kisha ukavunjika.

Tangu hapo aliwaandama waliotoza fedha kwa wafiwa. Alituma wasaidizi waliojibadilisha sura. Mmoja wao, Rose Mackenberg, ambaye hakuwahi kuolewa, aliletewa salamu za marehemu waume zake. Jarida la Scientific American lilipotangaza zawadi kwa atakayethibitisha nguvu hizo, Houdini aliketi kwenye kamati. Mwaka 1924, mjini Boston, alikaa gizani karibu na Mina Crandon, mgombea mashuhuri, akiwa ameufanya mguu wake uhisi kila mguso. Kengele ya mizimu ilipolia, alisema, mguu wa mama huyo ndio uliokuwa ukisogea. Zawadi haikutolewa.

Mwaka 1926 alilitaka Bunge la Marekani lipige marufuku ramli ya kulipia mjini Washington. Muswada ulikwama. Oktoba 31 mwaka huohuo akafariki Detroit.

Alikuwa amekubaliana na mkewe, Bess, maneno ya siri ambayo angeyatuma kama wafu huongea. Bess alisubiri miaka 10. Mwaka 1936, baada ya kikao cha mwisho kisicho na jibu, aliizima taa aliyoiwasha kando ya picha ya mumewe.