SITI BINTI SAAD: MFINYANZI WA FUMBA ALIYEIPA TAARABU SAUTI YA KISWAHILI

KABLA ya sauti yake kusikika katika santuri, Siti binti Saad aliitumia kunadi vyungu.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya Unyamwezi na Uzigua waliokuwa watumwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Kama mama yake, alijifunza ufinyanzi, akawa anakwenda mjini kwa miguu kuuza vyombo alivyofinyanga. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini nasaba iliendelea kuwa kipimo cha heshima, na wanyonge walibaki wanyonge.

Mwaka 1911 alihamia mjini na kuishi Ng'ambo, makazi ya watu wa kawaida yaliyotenganishwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari. Huko sauti yake ilitambuliwa na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905. Ali Muhsin ndiye aliyemfundisha kuimba pamoja na ala.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya kasri. Ilitoka Misri katika utawala wa Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Siti aliimba kwa Kiarabu pia, lakini hakuishia hapo. Akishirikiana na Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Mwalimu Shaaban, aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya wauza samaki, wapagazi na wafinyanzi wenzake.

Nyumba yake ya Ng'ambo ikawa baraza la usiku. Wasanii hao walikutana humo kutunga na kufanya mazoezi, na yaliyotokea mitaani na mahakamani yakageuzwa kuwa nyimbo. Wimbo mmoja ulisimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitorokea bara, na wanawake walioshiriki katika starehe ya siku hiyo ndio waliofungwa. Kwa watu wasiokuwa na sauti mbele ya mahakimu wa kikoloni, wimbo huo ulikuwa hukumu ya pili.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za Kiswahili. Alikuwa miongoni mwa wasanii wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na akafungua njia kwa waimbaji wanawake. Santuri zake zilisikilizwa visiwani na pwani yote, na waliomdharau kwa asili yake wakamwalika katika majumba yao. Jina la Mtumwa lilikuwa limekwisha kuachwa. Aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemsimulia maisha yake Shaaban Robert, na kutokana na masimulizi hayo kikapatikana kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, ambaye katika ujana wake alijifunza kwa kumsikiliza, aliziimba nyimbo zake hadi karne ya 21. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania nacho kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.