Gautama Buddha na Asili ya Mateso

Zamani sana, yapata miaka 2,500 iliyopita, alizaliwa mtoto wa kiume huko Lumbini, katika nchi iitwayo leo Nepali, chini ya milima ya Himalaya. Jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama. Yasimuliwa kwamba baba yake, Suddhodana, mkuu wa kabila la Sakya, hakutaka mwanawe aone jambo lo lote la huzuni. Kwa hiyo akamlea katika jumba zuri, akamwoza mke, naye akajaliwa mtoto.

Siku moja Siddhartha alitoka kutembea kwa gari la farasi. Njiani akaona mzee aliyepindika mgongo. Mara ya pili akaona mgonjwa, na mara ya tatu maiti akichukuliwa. Ndipo alipotambua ya kuwa kuta za jumba haziwezi kuzuia uzee, wala ugonjwa, wala mauti. Mara ya nne akaona mtawa, maskini lakini mtulivu. Basi, alipopata umri wa miaka 29, akaondoka usiku, akaacha mali na jamaa zake, ili atafute dawa ya mateso ya wanadamu.

Kwa muda wa miaka 6 alijinyima chakula hata akabaki mifupa mitupu, asipate jibu. Akaona kwamba kujitesa hakufai, kama anasa zisivyofaa. Akala, akaketi chini ya mti pale Bodh Gaya, katika Bara Hindi, akatafakari hata akaitambua kweli aliyoitafuta. Tangu hapo akaitwa Buddha, maana yake, Aliyeamka.

Alifundisha mambo manne: kwamba maisha yana mateso; kwamba mateso hutokana na tamaa; kwamba tamaa ikikoma, mateso hukoma; na kwamba iko njia ya kuyakomesha, yenye sehemu 8, kama vile kusema kweli, kutenda mema na kutuliza moyo.

Yasimuliwa tena kwamba mama mmoja, Kisa Gotami, alimjia amempakata mwanawe aliyekufa, akamwomba dawa ya kumfufua. Buddha akamwagiza alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijafiwa kamwe. Akaenda nyumba kwa nyumba. Haradali aliipata, lakini nyumba isiyofiwa hakuiona. Mwishowe akamwacha mwanawe makaburini, kwa maana sasa alijua ya kuwa msiba haukuwa wake peke yake.

Buddha alifundisha miaka 45, akienda kwa miguu, akiwapokea wakuu na wanyonge sawasawa. Yeye mwenyewe hakuepuka uzee wala ugonjwa. Alikufa Kusinara, akiwa na umri wa miaka 80, naye aliyapokea mauti kwa utulivu.