Andreas Vesalius

Andreas Vesalius (kwa Kiholanzi: Andries van Wesel, Brussels, leo nchini Ubelgiji, 31 Desemba 1514 – kisiwa cha Zakynthos, leo nchini Ugiriki, Oktoba 1564) alikuwa daktari na mwanaanatomia. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa anatomia ya kisasa ya binadamu.

Maisha

Baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Karolo V. Vesalius alisoma Leuven, halafu tangu mwaka 1533 Paris, hadi vita kati ya Ufaransa na Kaisari vilipomlazimisha kuondoka mwaka 1536. Desemba 1537 alipata shahada ya udaktari huko Padova, Italia, na mara moja akateuliwa kufundisha upasuaji na anatomia, akiwa na umri wa miaka 22.

Wakati ule profesa alikaa kwenye kiti cha juu akisoma maandiko ya Galeno, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, huku mtu mwingine akipasua maiti. Vesalius alishuka na kupasua kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wanafunzi. Jaji mmoja wa Padova alimpatia miili ya wahalifu walionyongwa.

Kazi

Aligundua kwamba Galeno alieleza mara nyingi miili ya nyani na wanyama wengine. Kwa mfano, Galeno alifundisha kwamba taya la chini lina mifupa miwili na kidari kina sehemu saba. Vesalius alionyesha kwamba kwa mtu mzima taya hilo ni mfupa mmoja na kidari kina sehemu tatu. Alionyesha pia kwamba mwanamume na mwanamke wana idadi sawa ya mbavu.

Mwaka 1543 alichapisha huko Basel, Uswisi, kitabu chake kikuu, De humani corporis fabrica (Juu ya muundo wa mwili wa binadamu), chenye sehemu saba na michoro zaidi ya 200. Sehemu za mwili zilitiwa herufi ndani ya michoro ili msomaji azilinganishe na maelezo. Hilo lilikuwa muhimu kwa sababu kiungo kimoja kiliweza kuitwa kwa majina tofauti ya Kigiriki, Kilatini, Kiarabu na Kiebrania.

Baadhi ya majina yalitokana na vitu vya kawaida: mifupa miwili midogo ya sikio aliilinganisha na nyundo na fuawe, na vali moja ya moyo na kofia ya askofu. Majina hayo yanatumika hadi leo.

Upinzani na kifo

Mwalimu wake wa zamani wa Paris, Jacobus Sylvius, alimshambulia vikali kwa kumpinga Galeno. Vesalius alichoma baadhi ya maandishi yake, akaacha ualimu na kuwa tabibu wa Karolo V, baadaye wa Filipo II wa Hispania. Hata hivyo, mwaka 1555 alitoa toleo la pili lililosahihishwa.

Mwaka 1564 alihiji Yerusalemu, akafariki njiani akirudi.

Urithi

Mwaka 1895, wanaanatomia wa Ujerumani waliokutana Basel, mji uleule kilikochapishwa kitabu chake, walipitisha orodha moja ya istilahi za Kilatini. Orodha inayotumika sasa kimataifa, Terminologia Anatomica, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998.