Bibi Al-Ijliyya, Fundi wa Asturlabu

Wanafunzi wapenzi, na hasa mabinti zetu mnaokaribia kumaliza shule, kila mwaka mnatuuliza namna ya kuandika wasifu wa kuombea chuo au kazi, na wengi mnasema hamna cha kuandika. Tumeona vyema tuwasimulie habari za bibi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambaye wasifu wake kitabuni hauzidi mstari mmoja.

Bibi huyu ni Al-Ijliyya wa Halab, katika nchi ya Sham, karne ya nne Hijria. Siku hizi wengi humwita Maryam, lakini jina hilo halimo katika kitabu cha kale kilichomtaja. Kitabu chenyewe ni Fihrist, alichokiandika Ibn Nadim wa Baghdad mwaka 377 H (987 M). Humo, kwenye orodha ya mafundi wa ala za elimu ya nyota, yametajwa mambo matatu: kuwa alikuwa binti wa Al-Ijli, naye fundi wa asturlabu, kuwa alisomeshwa na Bitolus, mwalimu yuleyule wa baba yake, na kuwa alikuwa kwa amiri Sayfu Dawla. Basi.

Asturlabu ni ala ya shaba ya kupimia jua na nyota, nyingi zikiwa za kushikika mkononi. Sahani yake kubwa huitwa umm, yaani mama. Ndani yake hupangwa visahani vilivyochorwa mistari, na juu yake huzunguka wavu uliotobolewa uitwao ankabut, ndiye buibui, ambao ncha zake huonyesha nyota mashuhuri. Mtu huininginiza kwa kidole, akapima urefu wa nyota kutoka upeo wa macho, akamzungusha buibui, akajua saa ya usiku. Kwa ala hii watu walijua nyakati za sala na mwelekeo wa kibla.

Ugumu wake uko kwenye vile visahani. Halab iko karibu nyuzi 36 kaskazini ya ikweta, na Makka nyuzi 21 na kitu, hivyo kisahani cha mji mmoja hakifai mji mwingine. Fundi hana budi apige hesabu kwanza, kisha ndipo achonge, na mstari ukipinda kidogo tu saa nayo inakosewa. Mwanafunzi anayeuliza hesabu za duara zinamsaidia nini duniani, jawabu ni hilo. Leo kazi za namna hii ziko kwa wapimaji wa ardhi, mafundi wa mitambo na watengenezaji wa programu za kompyuta.

Sayfu Dawla alitawala Halab tangu mwaka 333 H hadi 356 H (945 hadi 967 M). Katika baraza lake walikuwako Farabi mwanafalsafa na Mutanabbi mshairi. Kutajwa kama fundi wa amiri wa aina hiyo, sisi tunaona si jambo dogo.

Wako wanaomzidishia, wakidai kuwa yeye ndiye aliyeivumbua asturlabu. Sivyo, ilijulikana tangu zama za Wayunani, na Waislamu walikwisha kuitengeneza kabla hajazaliwa. Hana haja ya sifa za kuazima, na msichana anayeandika wasifu hana haja nazo pia, kwani usaili huzifichua mapema.

Tazameni yale matatu aliyoandikiwa: ufundi wake, aliyemfundisha, na aliyemfanyia kazi. Nanyi anzieni hapo. Aliyeweka hesabu za duka la mama yake kwa miaka miwili ana kazi ya kuandika. Aliyerekebisha kompyuta ya shule aseme ilikuwa na tatizo gani na alifanya nini. Jina la mwalimu wa fizikia anayeijua bidii yako liwekwe kwa wadhamini, baada ya kumwomba ruhusa.

Mwaka 1990 iligunduliwa sayari ndogo inayozunguka jua. Imepewa namba 7060 na jina Al-Ijliya, lile lile la kitabuni.