George Müller: Mwizi wa utotoni aliyegeuka mlezi wa mayatima 10,000

BABA yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali ya Prussia, dola iliyokuja kuwa sehemu ya Ujerumani, na fedha za umma zilipitia mikononi mwake. Kabla ya kutimiza umri wa miaka 10, George Müller alikuwa amezoea kudokoa fedha hizo kila alipopata mwanya.

Alizaliwa Septemba 27, 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt. Usiku ambao mamake alikuwa akikata roho, kijana huyo wa miaka 14 alikuwa akicheza karata, bila habari ya msiba uliokuwa nyumbani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Müller alifunzwa mapema. Mwishoni mwa 1821 alitupwa gerezani kwa takriban mwezi mmoja, baada ya kulala katika nyumba za wageni bila kulipa.

Licha ya hayo, babaye alimpeleka Chuo Kikuu cha Halle kusomea uchungaji, akitumai kwamba mapato ya mwanawe yangemfaa uzeeni. Huko Halle, Novemba 1825, rafiki alimwalika katika kikao cha maombi nyumbani kwa muumini mmoja. Aliondoka humo akiwa mtu mwingine.

Mnamo 1829 alihamia Uingereza, na mwaka uliofuata akamwoa Mary Groves. Wakati huo alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Teignmouth. Mshahara wake ulitokana na kodi ya viti vya kanisani, ambapo matajiri waliketi mahali pazuri na maskini wakasukumwa pembeni. Müller aliukataa mshahara huo, akaamua kuishi kwa kile ambacho watu wangempa kwa hiari.

Alifika Bristol 1832, mwaka ambao kipindupindu kiliua wengi mjini humo. Mitaani walijaa watoto wasio na wazazi. Alikumbuka makao ya mayatima yaliyoanzishwa Halle na August Hermann Francke mwishoni mwa karne ya 17, ambamo yeye mwenyewe aliwahi kupewa malazi akiwa mwanafunzi. Aprili 1836 alifungua nyumba ya wasichana 30 katika barabara ya Wilson Street.

Kanuni zake zilikuwa chache na kali. Hakuna kumwomba binadamu fedha, ila Mungu pekee. Hakuna kukopa. Kila mchango, hata wa senti chache, utolewe stakabadhi yenye nambari, na nambari hiyo ichapishwe katika ripoti ya mwaka. Kwa njia hiyo kila mfadhili aliweza kuhakikisha kwamba fedha zake zilifika, bila jina lake kutangazwa.

Kanuni hizo zilimtia majaribuni. Kuanzia 1838 hazina ilikauka mara kwa mara, na wafanyakazi wakatoa akiba zao na kuuza vitu vyao ili watoto wale. Mwishoni mwa 1841, fedha zilipopungua mno, Müller aliahirisha ripoti na mikutano ya umma. Aliona kwamba kutangaza hali hiyo wakati wa dhiki kungekuwa sawa na kunyoosha mkono. Hata hivyo, wapo waliodai kuwa ripoti zenyewe zilikuwa ombi lililovikwa vazi la heshima.

Kufikia 1845 alikuwa na nyumba nne Wilson Street, na majirani walianza kulalamikia kelele za watoto. Badala ya kugombana nao, alinunua shamba eneo la Ashley Down, nje kidogo ya mji. Jengo la kwanza lilifunguliwa 1849 likiwa na nafasi ya watoto 300. La tano lilifunguliwa 1870, na kwa jumla makao hayo yakaweza kuhifadhi watoto 2,050.

Si kila mtoto aliyepokewa. Masharti yalitaka awe amefiwa na wazazi wote wawili waliokuwa wamefunga ndoa halali, na wengi waliohitaji msaada walibaki nje. Lakini waliopokewa walisomeshwa vyema kiasi kwamba Müller alishutumiwa kwa kuwainua maskini kupita hadhi yao. Wavulana walipelekwa kujifunza ufundi, nao wasichana wengi wakaajiriwa kazi za nyumbani.

Mary aliaga dunia 1870. Mnamo 1875, akiwa na umri wa miaka 69, Müller alianza safari za kuhubiri zilizochukua miaka 17 na kumfikisha Marekani, India, Australia na kwingineko. Makao aliyaacha mikononi mwa James Wright, mume wa bintiye Lydia.

Alifariki Machi 10, 1898 mjini Bristol, akiwa na umri wa miaka 92. Mayatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa katika makao yake, na takriban pauni milioni moja na nusu zilikuwa zimepitia mikononi mwake kwa ajili ya watoto, shule, Biblia na wamishonari. Mali yake mwenyewe ilipohesabiwa, ilipatikana kuwa ya thamani ya pauni 160 hivi, pamoja na samani za chumbani mwake.