Herode: mkimbizi aliyewakimbiza wengine

KILA Krismasi inapokaribia, jina la Herode husikika makanisani, kisha husahaulika hadi mwaka mwingine. Tunamjua kuwa ndiye yule mfalme wa Injili ya Mathayo aliyeamuru watoto wa kiume wa Bethlehemu, wa miaka miwili kurudi chini, wauawe, baada ya Mamajusi kuulizia mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. Wachache wetu tunajua kuwa Herode mwenyewe aliwahi kuwa mkimbizi.

Alizaliwa yapata mwaka 73 KK. Baba yake, Antipater, alikuwa Mwidumea aliyekuwa karibu sana na Warumi, na mwaka 47 KK alimpa kijana wake utawala wa Galilaya. Mwaka 40 KK Waparthi kutoka mashariki waliivamia Yerusalemu wakaweka mtawala wao. Herode akatoroka usiku na jamaa zake. Aliwaacha katika ngome ya Masada, akaenda kuomba hifadhi kwa mfalme wa Wanabatea, akafukuzwa. Akakimbilia Misri, Malkia Kleopatra akampokea, na kutoka huko akapanda meli hadi Roma. Baraza la Seneti likamtangaza mfalme wa Wayahudi, na mwaka 37 KK akaitwaa Yerusalemu kwa msaada wa majeshi ya Warumi.

Haki yake tumpe: alikuwa mjenzi. Bandari ya Kaisaria ni kazi yake, na yapata mwaka 20 KK alianza kulijenga upya Hekalu la Yerusalemu. Lakini kiti alichopewa na wageni hakikumpa usingizi. Mwaka 29 KK alimuua mkewe Mariamne, binti wa ukoo wa kifalme alioung'oa. Mwaka 7 KK akawaua wanawe wawili aliozaa naye. Mwaka 4 KK, siku chache kabla ya kufa kwake Yeriko, akaamuru mwanawe mkubwa naye auawe.

Kwa kuwa alikufa mwaka huo, wataalamu wengi wanaona Yesu alizaliwa kabla yake. Aliyepanga hesabu ya miaka yetu katika karne ya 6 alikosea. Mauaji ya Bethlehemu yameandikwa na Mathayo peke yake, na wanahistoria bado wanabishana juu yake.

Mathayo anasema Yusufu aliondoka usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri, nchi ileile iliyompokea Herode alipokuwa hana pa kwenda. Herode alipokufa walirudi, lakini Yusufu aliposikia kuwa Arkelao, mwana wa Herode, ndiye anayetawala Uyahudi, aliogopa, akaenda kukaa Nazareti ya Galilaya.

Sisi tulio ughaibuni hesabu hiyo tunaijua. Mtawala akifa, hufungi mizigo siku hiyo hiyo. Kwanza unauliza nani amekalia kiti. Arkelao naye, mwaka 6 BK, alivuliwa madaraka na Kaisari Augusto akapelekwa uhamishoni Galia.

Wanaokimbiza wenzao leo waisome habari hii. Heri ya Krismasi kwa wasomaji wetu, wa nyumbani na wa mbali.