Mswaki wa Dokta Kirk

Wengi wetu tunamjua John Kirk kwa siasa tu: balozi wa Uingereza aliyembana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, 1873. Mimi nilikutana naye kwenye somo la dawa.

Alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Akiwa safarini Zambezi na Livingstone, alitia sumu ya mishale kwenye mfuko uleule wenye mswaki wake. Kupiga mswaki, mdomo mchungu! Akajipima mapigo, kumbe moyo umepunguza kasi. Mwingine angetema tu akasahau. Sumu hiyo, ya mmea wa Strophanthus, Thomas Fraser wa Edinburgh akaja kuifanya dawa ya moyo.

Nilimkumbuka tulipofika kwenye dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Nazo zilianzia kwenye sumu ya mishale, kurare ya Amerika Kusini. Baadhi yake, kama atrakuriamu, zinaweza kufanya seli zimwage histamini: ngozi inakuwa nyekundu, presha inashuka, moyo unakwenda mbio. Kuipima ndiyo kazi. Histamini hupotea kwenye damu ndani ya dakika chache. Ukichelewa kutoa damu, majibu yanarudi mazuri na mgonjwa yuko taabani.

Kirk alifika Unguja 1866 kama daktari, akakaa karibu miaka 20, akapanda bustani Mbweni. Alifariki 1922. Nikiwa wodini siku hizi, hata mashine ikiwepo, naanza kwa kushika mkono wa mgonjwa na kuhesabu.